Ile harufu ya mvua ya kwanza, Kiingereza chake ni petrichor

Wadau, kama unaandika Kiingereza na unataka kutaja ile harufu ya udongo mkavu ukipigwa na mvua baada ya jua kali la muda mrefu, usihangaike na maelezo kibao, neno lipo, ni petrichor, tamka PE-tri-ko, hiyo ch ni k kabisa sio ch ya chai. Lilitungwa 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, kwenye jarida la Nature, wakaunga Kigiriki cha petra yaani jiwe na ichor, ile damu ya miungu kwenye hadithi za Wagiriki wa kale. Mi nalipenda sana hili neno, na halikutoka hewani, maana waligundua kuna mafuta ya mimea yanajikusanya kwenye mawe na udongo wakati wa ukame, harufu yake inatoka ikinyesha.

Kwenye matumizi halihesabiki, kwa hiyo usiweke "a" mbele wala "s" nyuma, andika tu "I love petrichor". "The smell of petrichor" watu wanaandika sana ila neno lenyewe tayari ni harufu so unarudia. Alafu usilitumie kwa nguo mbichi au ukuta wenye ukungu, hili ni la ardhi kavu iliyopata maji. Kwenye insha, shairi au kapsheni ya picha linakaa poa sana, ripoti ya ofisini achana nalo, wenye Kiingereza chao wenyewe wengi hawalijui.