Unadaiwa matunzo ya mtoto Texas na kazi imekwisha? Usijifiche

Ndugu yangu uliyeko Houston, Dallas au Fort Worth, ukiachishwa kazi usiache barua za matunzo ya mtoto zilale mezani. Amri ya mahakama haisimami kwa sababu huna mshahara. Kiasi kilekile kinaendelea kuhesabiwa kila mwezi na riba juu yake, na tangu 1986 sheria ya Marekani inamkataza hakimu kupunguza deni ambalo muda wake wa kulipwa umeshapita. Anachoweza kupunguza kinaanzia pale mzazi mwenzako alipojulishwa rasmi kuhusu ombi lako. Kila wiki unayochelewa inabaki kuwa deni lako. Wahi ofisi ya matunzo iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, uombe amri irekebishwe.

Ukifika, ulizia mpango wa ajira uitwao NCP Choices. Ofisi hiyo inauendesha mpango huu pamoja na Texas Workforce Commission, yaani tume ya ajira ya jimbo, kwa mzazi asiyeishi na mtoto, mwenye deni, na asiye na kazi au mwenye kipato kidogo. Utapewa mtu wa kukusaidia kutafuta kazi, kuandika wasifu na kupata mafunzo. Pengine hata nauli. Lakini hakimu akishakuamuru kuingia, kuhudhuria ni lazima. Kukosa vikao bila sababu kunaweza kukufikisha jela.

Omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako. Tafadhali usimbebeshe mtoto kazi hiyo.

Jambo linaloniuma zaidi ni fedha za mkononi. Wapo akina baba wanaompa mama fedha taslimu, wanaonunua viatu na madaftari, kisha mahakamani wanahesabiwa kuwa hawajalipa. Kwa kawaida hivyo huchukuliwa kuwa zawadi. Lipa kupitia kituo cha malipo cha jimbo, hata kama una dola 50 tu wiki hii, na utunze risiti.

Deni likizidi dola 2,500, unaweza kunyimwa pasipoti ya Marekani. Leseni ya udereva nayo inaweza kusimamishwa. Na kama unasubiri uraia, fomu ya maombi inauliza kuhusu matunzo. Kukataa kulipa kwa makusudi kunaweza kukukwamisha. Kushindwa kwa kukosa kazi ni jambo tofauti, ila lazima ulithibitishe. Beba barua ya kuachishwa kazi, taarifa za benki, na orodha ya kila mahali ulikoomba kazi.