Matairi mapya ya Datsun 240Z: pima rimu kabla ya kuuliza bei

Mzee mmoja wa Kizingo aliniletea Datsun 240Z yake, gari la 1972 linalotoka bandani Jumapili na siku za harusi. Alitaka nimuangalizie breki tu. Nikachuchumaa kando ya gurudumu la mbele: kashata, yaani yale matuta ya mpira yanayokanyaga lami, ndefu, nyeusi, zinang'aa kwa ile dawa ya kung'arisha matairi. Nikamwambia matairi haya yamekwisha. "Hayajala, fundi! Tazama kashata hizo."

Nikampindia mpira baina ya kashata mbili kwa dole gumba. Mipasuko midogo midogo ikajitokeza, kama magaga kwenye kisigino. Gari la kila siku hula matairi yake. Gari la namna hii huyazeesha tu, na macho ya mwenyewe hayaoni kwa sababu anatazama kashata.

Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuyaachia matairi ya hivyo yapite. Kashata ilibanduka karibu na Mariakani, gari likiwa mwendo wa 90, ikaukunja ukingo wa madigadi ya nyuma. Kunyoosha bati na kupaka rangi kulizidi bei ya matairi manne mapya.

Hatua ya 1: Soma umri

Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. 1108 ni wiki ya 11 ya mwaka 2008. Usipoziona upande wa nje, ingia chini ya gari na tochi, mara nyingi ziko upande wa ndani. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya 2000. Kanuni yangu: kuanzia miaka 6 nalikagua kila mwaka, likifika 10 nalitoa hata kama halijatembea. Na dukani soma tarakimu hizo kabla ya kutoa pesa. Saizi za inchi 14 za gari dogo hazinunuliwi sana siku hizi, kwa hiyo "jipya" linaweza kuwa limekaa rafuni miaka minne. Mimi zaidi ya miwili sichukui.

Hatua ya 2: Pima upana wa rimu

Hapa ndipo wengi huteleza, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Vua gurudumu, ligeuze, sugua nyuma ya rimu kwa brashi ya waya mpaka upate maandishi. Rimu ya chuma ya asili ya 240Z ni nyembamba kuliko unavyodhani: nyingi ni kimo cha inchi 14 kwa upana wa inchi 4½, nyingine 5. Huandikwa 4½J na 5J, J ni umbo la ukingo. Kama kutu imekula maandishi, pima kwa futi, lakini usipime ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Pima mahali midomo ya tairi inapokalia, ndani ya kingo zote mbili. Ukipima nje utapata karibu inchi nzima ya ziada, uamini una rimu ya 5½, na ununue tairi lisilo lako.

Tairi pana kwenye rimu nyembamba hubinuka mbavu, likavimba kama andazi. Kwenye kona mpira unayumba juu ya rimu, na wewe unahisi usukani unachelewa kuitika. Kwa 4½J baki na 175 au, mwisho kabisa, 185/70 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo). Tairi la 195/70 linataka angalau 5J, na lenyewe hupendelea 6J. Kumbuka pia usukani wa gari hili hauna pawa: kila milimita unayoongeza mbele utailipa kwa mabega wakati wa kuegesha.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kimo

Saizi iliyotoka nayo kiwandani huandikwa 175HR14. Ni milimita 175 za upana, H ya mwendo, R ya "radial", yaani jinsi nyuzi za ndani ya tairi zilivyopangwa, rimu ya inchi 14. Hakuna mkwaju wala namba ya pili. Enzi hizo urefu wa ubavu ulikuwa takriban asilimia 80 ya upana, ukifahamika bila kuandikwa. Hesabu ni hii: 175 mara 0.80 ni 140. Mbavu ziko mbili, juu na chini, basi 280. Inchi 14 ni milimita 355.6. Jumla 635.6.

Sasa linganisha na utakayoletewa. 195/70R14 hutoka 628.6, pungufu ya milimita 7, haina neno. 185/70R14 ni 614.6, imepungua kama asilimia 3. Inavumilika, ingawa injini itazunguka zaidi kidogo barabara kuu. 195/60R14, ambayo vijana wanaipenda kwa sura, ni 589.6. Spidomita ikisema 100, gari linakwenda 93 hivi, tumbo limesogea chini milimita 23, na kila tuta la barabarani linakuwa kesi. Mimi siifungi kwenye gari hili.

Hatua ya 4: Herufi ya mwendo, namba ya mzigo

240Z lilitengenezwa kukaribia kilomita 200 kwa saa. S ni 180, T ni 190, H ni 210. Utaniambia huendi mwendo huo. Sawa, lakini herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto, na lami ya kwenda Voi saa saba mchana inajua joto. Weka H.

Namba ya mzigo haisumbui: gari tupu lina kilo 1,050 hivi, na tairi lenye namba 88 peke yake hubeba kilo 560. Tatizo ni kinyume chake. Muuzaji akikosa saizi yako atakuletea 185R14C, akisema "hii ndiyo ile ile, tena ngumu". C ni la gari la mizigo. Mbavu zake zimeundwa kwa upepo wa psi 65 na magunia, si kwa gari jepesi la viti viwili. Ukilijaza 28 halifanyi kazi yake, ukilijaza zaidi gari linarukaruka kama mbuzi. Mrudishie.

Hatua ya 5: Amua njia

Kama unataka gari libaki kama lilivyozaliwa, Michelin, Pirelli na Vredestein bado wanatoa matairi yenye kashata za mtindo wa zamani kwa magari ya kale. Ni ya kuagiza, ni ghali, na ni mazuri kwelikweli. Ulizia tarehe ya kutengenezwa kabla hayajapanda meli.

Njia ya pili ni rimu za inchi 15 zenye upana wa 6J, nati nne kwenye duara la milimita 114.3, na matairi ya 195/65R15. Yana kimo cha 634.5, yaani yale yale ya kiwandani kasoro milimita moja, na yamejaa kila duka kwa sababu Premio na Wish huvaa hayo. Wapenzi wa asili watanuna. Rimu za zamani ziweke stoo, usiziuze.

Lakini usiige magari ya 240Z yaliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973. Yale yalivishwa kwa ajili ya mawe na matope.

Hatua ya 6: Jaribu moja kwanza

Funga gurudumu moja la mbele, shusha jeki, zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Ingiza kidole cha shahada baina ya tairi na sahani ya springi kwenye shokabu. Kisipopita, acha. Angalia pia kona ya chini ya madigadi, mbele. Likipita hapo, fungisha yaliyobaki, vali mpya zote, na kutu ya pale midomo inapokalia isuguliwe mpaka chuma kiwe laini. Huku pwani, upepo unaopungua polepole mara nyingi si pancha, ni kutu.

Anza na psi 28 asubuhi matairi yakiwa baridi. Chora mstari wa chaki kukata kashata kwa upana, endesha mita mia tatu, teremka utazame. Chaki ikifutika katikati tu, punguza mbili. Ikifutika pembeni, ongeza.

Hatua ya 7: Spea

Mzee alikuwa ameshawasha gari aende. Nikamwomba afungue mlango wa nyuma, tukainua zulia. Spea ilikuwa imelala shimoni, safi, haijawahi kugusa lami. Nikaiwashia tochi, naye akainama kusoma mwenyewe. Tarakimu zilikuwa tatu.

Akazima gari. "Haya, fundi. La tano bei gani?"