Hukumu ya mahakama: anza kuisoma kutoka mwisho

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasomea watu hukumu. Mwishoni mwa 2021 alinijia mama mmoja na kipande cha gazeti, mikunjo yake imeanza kuchanika. Mwanawe alihukumiwa kunyongwa kwa wizi wa mabavu, naye alisikia kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya imefuta adhabu ya kifo. Alikuwa ameshamnunulia shati la kurudi nalo nyumbani.

Kabla ya kufurahi au kuogopa, tafuta hukumu yenyewe na ufungue kurasa za mwisho. Huko ndiko majaji huweka amri zao. Hukumu ile, ya Muruatetu, ya tarehe 14 Desemba 2017, haikufuta adhabu ya kifo. Ilifuta ulazima wake, ili jaji asikilize kwanza maombi ya mshtakiwa ya kupunguziwa adhabu. Neno "lazima" mimi hulipigia mstari kwa penseli, kwa sababu kesi nzima imesimama juu yake.

Ukishajua kilichoamriwa, rudi nyuma utafute kifungu kilichobishaniwa. Hapa kilikuwa kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, yaani mauaji. Wizi wa mabavu uko kifungu cha 296(2). Baadhi ya mahakama za chini ziliinyoosha hukumu hiyo hadi makosa mengine, na tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo kwamba inahusu mauaji tu. Gazeti la yule mama lilikuwa la kabla ya hapo.

Kwa hiyo uliza pia: kuna rufaa? Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Daftarini mwangu kila kesi ina mstari mtupu chini yake kwa ajili ya habari kama hiyo.

Angalia vilevile nani ameachiwa kazi. Katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ya Tanzania mwaka 2016 iliipa serikali mwaka mmoja kurekebisha vifungu vya ndoa za wasichana walio chini ya miaka 18, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo 2019. Amri ya namna hiyo isome sambamba na sheria yenyewe, uone kama imesharekebishwa. Nako Marekani, uamuzi wa Mahakama ya Juu ya huko katika kesi ya Dobbs, wa 2022, haukupiga marufuku utoaji mimba nchi nzima: ulirudisha suala hilo kwa majimbo, na kila jimbo lina sheria yake.

Hukumu ya nchi nyingine haiifungi mahakama yako, ila wakili anaweza kuitumia kushawishi. Malawi (2007) na Uganda (2009) zilikuwa zimeshaukataa ulazima wa adhabu ya kifo kabla ya Kenya.

Yule mama nilimwonyesha namba ya kifungu, kidole changu kikiwa juu yake. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Niandikie hizo tarehe zote mbili, mwanangu, nimpelekee wakili." Nikamwandikia, na namba ya kesi juu kabisa.