Namna ya kufundisha gombo la Isaya katika darasa la Biblia

Anayetaka kufundisha habari za magombo ya Qumran, yaani hati za kale za Kiyahudi zilizokunjwa na kufichwa mapangoni, katika darasa la Biblia hapa Kigoma asianze na mapango yote 11 wala hati zake zaidi ya 900, kwani darasa litachoka kabla ya kufika popote. Achukue gombo moja tu, lile la nabii Isaya lililotoka katika pango la kwanza, karibu na Bahari ya Chumvi, ambalo wachungaji wa Kibedui walilikuta kati ya mwaka 1946 na 1947.

Kwanza tengeneza mfano wake. Nunua karatasi za kaki pale Mwanga, ukate vipande 17 vyenye urefu wa sentimita 43 na kimo cha 26, kisha uvishone kwa uzi mpaka vifikie mita 7 na zaidi kidogo, kwa kuwa gombo lenyewe ni ngozi 17 zilizoshonwa hivyo hivyo. Usitumie selotepu. Wataalamu wa miaka ya 1950 waliunganisha vipande halisi vya magombo ya Qumran kwa selotepu, na gundi yake ikaiharibu ngozi.

Bila shaka utaulizwa jinsi ngozi ya karne ya 2 kabla ya Kristo ilivyodumu, ilhali vyeti vyetu hapa ziwani huota ukungu katika msimu mmoja wa mvua. Eleza kwamba ufuko wa Bahari ya Chumvi uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, mvua yake ni haba mno, na baadhi ya magombo yalivikwa kitani na kutiwa katika mitungi yenye vifuniko.

Sehemu ya kukaa nayo muda mrefu ni Isaya 40:7-8. Kila mmoja afungue Biblia yake na kutafuta maneno “majani yakauka, ua lanyauka”. Atayaona mara mbili. Mwandishi wa gombo alipofika mara ya kwanza, jicho lake liliruka hadi mara ya pili, akayaacha yaliyo katikati, na mkono mwingine ukaja kuyaongeza kati ya mistari na pambizoni. Kosa hilo linaonekana wazi katika safu ya 33, kwenye picha ambazo Jumba la Makumbusho la Israeli limeziweka katika intaneti. Zipakue nyumbani mapema, mtandao usije ukakuaibisha mbele ya watu.

Ukibakiwa na muda, soma 53:11, mahali ambapo gombo lina neno “nuru” baada ya “ataona”, neno lisilokuwamo katika Biblia zetu nyingi. Waache wajadiliane wenyewe.

Mkimaliza, kunjeni gombo kuanzia mwisho wake, yaani kushoto, kwa sababu Kiebrania husomwa kutoka kulia, ili darasa lijalo lilifungue na kukutana na sura ya kwanza.