Mfumo wa kompyuta wodini: namna ya kuandika ili zamu inayokuja isimpoteze mgonjwa

Mwongozo huu ni wa wauguzi na wakunga ambao wodi zao zinahama, au zimeshahama, kutoka kwenye jalada la karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta. Mimi ni mkunga wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya, Tanzania Bara, na mifano yangu mingi inatoka huko. Vituo vingi vya halmashauri vinatumia GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea hospitali. Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi zina mifumo yao. Ninayoeleza yanafaa kwenye mfumo wowote, maana yanahusu kazi ya muuguzi zaidi ya aina ya programu.

Kipimo changu ni kimoja. Mwenzangu akiingia zamu nami nimeshaondoka, simu yangu haipatikani, je, nilichoandika kinamtosha kuendelea na mgonjwa yule bila kubahatisha? Nikiona hakimtoshi, sijamaliza zamu, hata kama kila kisanduku kwenye kompyuta kimejaa.

Mtafute mgonjwa kabla ya kumsajili

Mama anafika na uchungu, ndugu wana haraka, na njia nyepesi ni kumfungulia jalada jipya. Usifanye hivyo kabla ya kutafuta. Mama huyohuyo huenda alisajiliwa kliniki kwa jina la baba yake, maabara kwa jina la mume, na mapokezi karani akaandika Lehema badala ya Rehema. Jalada jipya likifunguliwa, historia ya upasuaji wa uzazi uliopita inabaki kwenye jalada ambalo hakuna atakayelifungua usiku huo, pamoja na majibu ya damu na kundi lake.

Tafuta kwa namba ya hospitali iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ukiikosa, tafuta kwa namba ya simu, lakini uliza ni simu ya nani, kwa kuwa nyingi ni za waume au mashemeji. Ukiikosa na hiyo, andika herufi tatu au nne za mwanzo za jina badala ya jina zima, kisha linganisha kijiji na umri. Tarehe ya kuzaliwa usiitegemee sana. Wagonjwa wengi wasiojua tarehe yao wameandikiwa Januari 1. Ukikuta majalada mawili ya mtu mmoja, andika kwenye lile lenye historia, halafu wajulishe watu wa kumbukumbu wayaunganishe. Usiliache suala hilo kwa zamu ya kesho bila kuliandika.

Watoto wachanga wanahitaji uangalifu wa pekee. Mtoto aliyezaliwa usiku hana jina, na kwenye mfumo anaitwa tu mtoto wa fulani. Wodini wanaweza kuwapo akina Rehema watatu kwa siku moja. Basi andika jina la mama, namba ya mama, jinsi ya mtoto na saa ya kuzaliwa, na maandishi hayohayo yawe kwenye utepe wa mkononi au mguuni. Pacha waandikwe wa kwanza na wa pili tangu wanapotoka. Familia itawaita Kulwa na Doto, nasi wodini tutawaita hivyo kwa furaha, lakini kwenye jalada namba ndiyo inayozuia sindano ya mmoja kwenda kwa mwingine.

Saa uliyotoa dawa na saa uliyoiandika

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Kompyuta inaweka saa yake yenyewe kila unapohifadhi taarifa. Karatasi haikuwa hivyo. Uliandika saa ya tendo kwa mkono wako. Sasa chukua mama mwenye kifafa cha mimba anayepata magnesiamu salfeti ya msuli, dawa ya kuzuia degedege, gramu 5 kila baada ya saa nne. Amechomwa saa nne kamili usiku. Wodi imejaa, unafika kwenye kompyuta saa sita kasoro dakika 20. Ukihifadhi bila kugusa kisanduku cha saa, mfumo utaandika 23:40. Mwenzako atahesabu dozi inayofuata kuwa saa kumi kasoro dakika 20 alfajiri, wakati inatakiwa saa nane usiku. Mama anakaa karibu saa mbili bila kinga, na rekodi inaonekana safi kabisa.

Kwa hiyo tafuta kwenye mfumo wenu kisanduku cha saa ya kutoa dawa. Kiko wapi? Kinabadilishika? Kama hakibadilishiki, anza maelezo yako kwa saa halisi: "Imetolewa 22:00, imeingizwa 23:40." Na kwa dawa kama hii andika pia vile ulivyoviona kabla ya kuchoma: upumuaji usiopungua 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Mfumo ukikupa kisanduku cha dozi peke yake, vitu hivyo vitatu viandike kwenye maelezo. Mwenzako atavihitaji kabla hajachoma ya kwake.

Kuna hatari nyingine inayotuhusu sisi hasa. Midomo yetu inasema saa nane, kompyuta inasema 02:00 au 14:00. Mtu aliyechoka anaandika 08:00 kwa sababu masikio yake yamesikia nane. Wodini kwetu tumebandika juu ya kioo cha kompyuta karatasi yenye safu mbili: saa tunazosema, na saa za kompyuta pembeni yake. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaiangalia, na wazoefu tunaiangalia pia saa kumi alfajiri. Katika makabidhiano tunasema zote mbili: "saa nane usiku, sifuri mbili." Ifanyeni kuwa desturi. Haigharimu chochote.

Kioo kikiwa mbali na kitanda

Manung'uniko mengi ya wauguzi kuhusu mifumo hii nimeyasikia yakianzia kwenye umbali. Kompyuta ni moja, iko ofisini kwa sista, na daktari ameikalia. Presha inapimwa kitanda cha 12, inaandikwa kiganjani au kwenye kipande cha plasta, inafika kwenye mfumo baada ya saa zima. Kiganja kinanawishwa. Plasta inadondoka.

Mpaka mtakapopata kompyuta ya pili au tableti, tembea na daftari dogo lenye safu zilizochorwa tayari: kitanda, saa, presha, mapigo, joto, upumuaji. Daftari libaki wodini, lisiende nyumbani mfukoni mwa sare. Ingiza taarifa baada ya kila wagonjwa wachache, usisubiri umalize wodi nzima. Na anza na wale ambao namba zao zinatisha. Mama mwenye presha ya 170/115 taarifa yake haisubiri zamu ya kompyuta. Mwite daktari kwanza, toa dawa, kisha andika. Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo, inatolewa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Hakuna mfumo unaostahili kuitangulia dakika hiyo.

Patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, kwetu bado tunaijaza kwa karatasi kando ya kitanda, na ninaitetea. Mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa kila nusu saa, na mchoro unaonyesha kwa jicho moja kama njia ya uzazi inafunguka inavyopaswa. Mfumo unaoandika namba tu, bila kuchora mstari, unamnyima mkunga kile hasa anachokitafuta.

Kuandika mara mbili

Mkunga anayejaza mfumo, kisha kitabu cha MTUHA namba 12 (rejista ya waliojifungua), kisha kadi ya mama, anaandika jambo moja mara tatu. Uchovu huo ni wa kweli, na yeyote anayeshangaa kwa nini wauguzi hawaufurahii mfumo auhesabu kabla ya kutulaumu.

Afrika Mashariki tumekuwa na njia nyingine. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia kumbukumbu za wagonjwa za kompyuta mwaka 2001, na kazi ile ndiyo iliyozaa mfumo wa AMPATH, mpango wa huduma za VVU wa magharibi mwa Kenya, na baadaye OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Kule mtoa huduma alijaza fomu, karani akaiingiza. Kliniki zetu za CTC, za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, nazo zimekuwa na karani wa data anayeingiza taarifa za CTC2, kadi ya mgonjwa inayobaki kliniki. Sasa wodini karani hayupo. Muuguzi ndiye anayechapa. Kazi imehamia kwake, na ni haki yake kusema hivyo mbele ya uongozi.

Wakati mnalisubiri suluhisho, gawaneni kwa mpango. Mliojaliwa kuwa wakunga wawili kwenye zamu, mmoja ajaze mfumo papo hapo, mwingine ajaze kitabu kutoka kwenye mfumo mara mtoto na mama wanapotulia. Kabla ya kukabidhi, hesabuni: waliojifungua kwenye kitabu na kwenye mfumo ni idadi ileile? Tofauti ya mtu mmoja ikigundulika asubuhi ileile inatafutika. Ikigundulika mwisho wa mwezi, ripoti inapoandaliwa kwenda DHIS2, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, hakuna atakayekumbuka.

Neno la siri

Usimpe mtu neno lako la siri, awe mwanafunzi, awe daktari, awe rafiki yako wa chuo. Dozi iliyoingizwa kwa jina lako ni yako, na Baraza la Uuguzi na Ukunga likikuuliza, rekodi ndiyo itakayozungumza. Wanafunzi waombewe akaunti zao au waandike chini ya macho yako. Ukitoka kwenye kiti, jitoe kwenye mfumo. Na kioo usikipige picha ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la wodi kwa sababu unataka ushauri wa haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na zaidi ya sheria, mama yule alikuamini.

Umeme ukikatika, mtandao ukigoma

Andaeni jalada moja gumu, lenye rangi inayoonekana gizani, likae sehemu ileile siku zote. Ndani yake muwe na chati tupu za vipimo, chati za dawa, patografu, fomu za maabara na za rufaa. Kila jioni kabla ya zamu ya usiku, chapisheni orodha ya wagonjwa waliomo wodini: kitanda, tatizo, dawa zenye saa, mzio. Kwetu karatasi hiyo imetusaidia kuliko jenereta, maana jenereta nayo huishiwa dizeli.

Kubalianeni mapema na mfawidhi wenu ni dakika ngapi mnasubiri kabla ya kuhamia kwenye karatasi. Sisi tunasubiri dakika 10, na kwa mgonjwa wa dharura hatusubiri. Mfumo ukirudi, anayeingiza ni yule aliyetoa huduma, akiweka saa halisi. Kama ameshaondoka, aliyepo aandike wazi kwamba ananakili kutoka kwenye chati ya nani. Karatasi ile isitupwe. Ihifadhiwe kwenye jalada la mgonjwa.

Mfumo unapodai malipo kwanza

Mifumo mingi haifungui kipimo mpaka namba ya malipo ilipiwe au bima ithibitishwe. Jueni wenye msamaha: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Hakikisheni alama ya msamaha imewekwa tangu mapokezi, kwa sababu ikisahaulika ni ninyi mtakaokwama saa saba usiku. Namba ya simu ya afisa ustawi wa jamii na ya msimamizi wa zamu zibandikwe kando ya kompyuta. Kwa dharura, huduma itangulie kwa fomu ya karatasi, na malipo au msamaha vifuate.

Kulalamika hadi jambo lirekebishwe

"Mfumo unasumbua" ni sentensi ya kweli ambayo afisa TEHAMA hawezi kuifanyia kazi. Wekeni daftari la hitilafu mezani. Kila tatizo liandikwe tarehe, saa, ukurasa uliokuwa unautumia, ulichotaka kufanya, kilichotokea, na mgonjwa aliathirika vipi, kwa namba yake bila jina. Mfano wa maandishi mazuri: "Kuandika presha ya mgonjwa mmoja kunapita kurasa nne, nikirudi nyuma niliyoandika yanafutika." Hilo mtu wa programu analiona.

Mwombeni afisa TEHAMA akae nanyi zamu moja ya usiku, asikae ofisini kwake mchana mkamsimulia. Ombeni pia kwamba fomu yoyote mpya ya uuguzi ijaribiwe na wauguzi wawili wa wodi husika kabla haijawashwa hospitali nzima. Na mnapopeleka shida, pelekeni na yale yanayowafaa, yasije yakaondolewa kwa bahati mbaya. Mimi nimeandika kwamba majibu ya hemoglobini yanaonekana wodini mara maabara inapomaliza, ndugu hatumwi tena korido. Na kwamba mama aliyepoteza kadi yake nimeuona upasuaji wake wa awali kabla sijaamua lolote. Hayo nayataka yabaki.

Daftari hilo liende kwenye kikao cha wodi kila mwezi, metroni asaini mambo yaliyowasilishwa, na jibu liandikwe kwenye ukurasa uleule wa tatizo. Mwezi ukipita bila jibu, suala lifunguliwe tena likiwa la kwanza kwenye ajenda.