Somo: Kufunga na kutengeneza pampu ya kusaga majitaka kwa nyumba iliyo chini ya bomba la mtaa

Wakuu, somo hili ni la mafundi na wenye nyumba wa Mikocheni, Msasani na popote ambapo choo kiko chini kuliko chemba ya mtaa. Majitaka ya nyumba hushuka kwenye tangi lililozikwa uani, pampu yenye visu huyasaga hadi yawe uji, kisha huyasukuma kwenye bomba jembamba, kwa kawaida inchi moja na robo kwa nyumba moja. Bomba hilo halihitaji mteremko. Kabla ya kushika koleo, pata kibali cha DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam. Ukijiunganishia kimyakimya na bomba likaja kufurika, watakaoumia ni majirani.

Hatua ya 1: Tangi. Kazi nyingi huharibikia hapa. Maji ya ardhini yakipanda, tangi tupu huelea na kung'oa mabomba yote. Piga hesabu kabla hujachimba: tangi la lita 600 likizungukwa na maji hadi juu husukumwa kwa nguvu ya kilo 600. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, ila ikiwa ndani ya maji inabaki na kilo 1,400 tu za kukusaidia. Kwa hiyo mimina angalau nusu mita ya ujazo kuzunguka kitako cha tangi. Mtu akikwambia mchanga utalishika, usimsikilize. Chimba kati ya Julai na Septemba, maji yakiwa yameshuka. Masika utapambana na shimo linalojaa usiku kucha. Mfuniko uinuliwe juu ya uwanja, na maji ya mvua ya bati yasiingizwe humo kabisa.

Hatua ya 2: Bomba. Tumia HDPE (bomba la plastiki gumu) ya roli, viungo viwe vichache. Weka valvu ya kuzuia maji kurudi karibu na pampu, nyingine mpakani mwa kiwanja pamoja na valvu ya kufunga. Lipime kwa presha kabla ya kufukia.

Hatua ya 3: Floti na umeme. Floti ni swichi inayoelea majini. Ya chini izime pampu ikiwa bado imezama, inayofuata iwashe, ya juu ipige kengele. Kengele iwe na breka yake, la sivyo breka ya pampu ikijizima na kengele inanyamaza.

Fikiria pia umeme kukatika. Tangi la kipenyo cha mita 1 hubeba lita 78 kwa kila sentimita 10 za kina. Ukiacha nusu mita ya akiba juu ya floti ya kuwasha, una kama lita 390. Watu sita wakitumia lita 80 kila mmoja, siku moja haiishi.

Hatua ya 4: Kutengeneza. Zima breka na uifunge ili mtu asiiwashe. Usiingie ndani ya tangi, hata kwa dakika moja. Gesi ya majitaka ikizidi hufisha pua, unadhani imeisha kumbe imeongezeka, na mara nyingi anayemfuata mwenzake naye hafiki juu. Vuta pampu kwa mnyororo wake, kamwe si kwa waya: ukivuta waya, sili inaachia na maji yanaingia kwenye mota.

Pampu ikiunguruma bila kuzunguka, angalia kapasita (kifaa kinachosaidia mota kuanza kuzunguka), kisha visu. Mara nyingi utakuta pedi, tambara au nepi imejisokota. Ondoa kwa koleo la fundi, si kwa vidole.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, pampu yangu inawaka kila baada ya dakika chache, hata usiku wote tukiwa tumelala. Imekufa?*

Pampu yako ni nzima, kaka. Zima breka, funga valvu ya mpakani, weka alama ya usawa wa maji kwenye ukuta wa tangi, subiri saa moja. Maji yakitulia, valvu za kuzuia kurudi zinavuja, na pampu inasukuma maji yaleyale. Yakiendelea kupanda na hakuna anayetumia choo, maji ya ardhini yanaingia: tafuta ufa, hasa pale bomba linapoingilia tangi. Fungua valvu kabla ya kurudisha umeme.

*Shikamoo mwalimu. Ndugu yangu kanitumia pampu kutoka Marekani, imeandikwa 240V 60Hz. Niifunge?*

Marahaba. Usiifunge hivyo. Umeme wetu ni 230V 50Hz, kwa hiyo mota itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, urefu wa kusukuma utashuka hadi kama asilimia 69, na mota itapata joto kupita kiasi. Muulize muuzaji kama kibao cha maelezo cha pampu kinaruhusu 50Hz. Kama hakiruhusu, irudishe.

*Mafuta ya kukaangia si yanasagwa tu?*

Hayasagwi. Yakipoa yanaganda kwenye floti, floti inakwama, maji yanafurika pampu ikiwa imetulia. Yapoze, yamwage kwenye chupa na uyatupe na takataka. Floti zenyewe zioshwe kwa maji ya mpira kabla ya masika.