Somo: Kufuatilia vinasaba vya virusi vya mafua ya nguruwe, kuanzia bandani

Wakuu, salaam. Virusi vya mlipuko wa 2009 viligunduliwa kwa watu mwezi Aprili, California na Mexico. Vina vipande vinane vya vinasaba: sita vilitokana na virusi vya nguruwe wa Amerika Kaskazini, viwili (viitwavyo NA na M) vilitokana na vya nguruwe wa Ulaya na Asia. Mchanganyiko huo hakuna aliyekuwa ameuona kabla, maana nguruwe walikuwa hawapimwi vya kutosha. Kazi yenyewe hufanywa hivi.

Hatua ya 1: Chagua nguruwe anayeumwa leo
Tafuta mwenye joto la 40 kwenda juu, kamasi nyepesi, anayesusa chakula. Virusi hutoka puani kwa siku tano hadi saba hivi. Ukimkuta anakohoa wiki ya pili, umechelewa. Chukua pia kwa wachache walio wazima, kwa sababu wengi hubeba virusi bila dalili yoyote. Watoto walioachishwa kunyonya ndio hasa wa kuwalenga.

Hatua ya 2: Kamba au pua
Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Njia ya kamba ni rahisi mno: ning'iniza kamba ya pamba isiyo na rangi, usawa wa bega la nguruwe, uwaache waitafune dakika 20 hadi 30. Kisha ingiza ncha iliyolowa kwenye mfuko wa plastiki, ikamue mate yote, kata kona ya mfuko na umimine kwenye chupa ya sampuli. Hakuna kukimbizana na nguruwe.

Ila mate hayo ni ya chumba kizima. Nguruwe wawili wakiwa na virusi tofauti, vipande vitachanganyika kwenye chupa, nawe utatangaza mchanganyiko mpya ambao haupo. Mimi kamba naitumia kujua kama virusi vimo. Vikiwemo, narudi kwenye pua za nguruwe mmoja mmoja, kwa kijiti cha nyuzi za sintetiki. Cha pamba chenye mpini wa mti kinaweza kuvuruga kipimo.

Andika papo hapo tarehe, wilaya, umri wa nguruwe na chumba. Sampuli isiyo na tarehe haina nafasi kwenye mti wa ukoo, yaani mchoro unaoonyesha virusi vipi vimetokana na vipi.

Hatua ya 3: Baridi
Nyuzi 4 kama itapimwa ndani ya siku tatu. Zaidi ya hapo, hasi 70 au chini yake. Friza ya nyumbani usiitumie.

Hatua ya 4: PCR ya jeni M
PCR ni kipimo kinachonakili vinasaba mara nyingi hadi vionekane. M haibadilikibadiliki sana, kwa hiyo kipimo chake hunasa karibu kila aina ya mafua A. Ct (idadi ya mizunguko ya kunakili hadi virusi vionekane; ikiwa ndogo, virusi ni vingi) ikiwa chini ya 30 kuna matumaini ya kusoma vinasaba vyote. Ikifika 35, tegemea mapengo.

Hatua ya 5: Soma vipande vyote vinane
Vikizalishwa pamoja kwenye chupa moja, vifupi (M na NS) hujaa haraka huku virefu (PB2, PB1, PA) vikififia. Angalia virefu kwanza kabla ya kushangilia.

Hatua ya 6: Mti wa ukoo
Chora mti wa kila kipande peke yake, kisha ilinganishe. Weka data mapema kwenye hifadhidata za vinasaba, GISAID au GenBank.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, huku Mbeya nguruwe wakifa kwa mkupuo tunasema homa ya nguruwe. Ndiyo hii?*
Hapana, ndugu. Hiyo ni homa ya nguruwe ya Afrika: huua karibu wote, haimpati binadamu, na haina tiba. Mwite afisa mifugo upesi, usihamishe nguruwe wala nyama. Kwenye mafua banda zima linakohoa, wanaokufa ni wachache, wengi hupona ndani ya wiki.

*Mtaalamu, bajeti inatosha kipande kimoja tu. Nisome HA, kile cha protini ya uso wa virusi?*
Ndiyo, lakini ujue unachokosa. Mwaka 2012 Marekani watu 309 waliugua H3N2 ya nguruwe, wengi wakiwa watoto waliotembelea maonyesho ya kilimo. Virusi hivyo vilikuwa vimebeba kipande cha M kutoka virusi vya 2009. HA peke yake isingekuonyesha hilo. Bora sampuli chache zisomwe zote kuliko nyingi nusunusu.

*Mfanyakazi wangu ana mafua, aingie bandani?*
Abaki nyumbani. Virusi vya 2009 vimepita kutoka kwa watu kwenda kwa nguruwe mara nyingi. Naye achukuaye sampuli avae barakoa na glavu.

*Na H5N1, mafua ya ndege, je?*
Oktoba 2024 ilipatikana kwa nguruwe Oregon, mara ya kwanza Marekani, kwenye shamba dogo ambako nguruwe na kuku walichangia maji na makazi. Kama kuku wako wanalala juu ya banda la nguruwe, anza kwa kuwatenganisha.